Mteja Aliyekuja Kujaribu Godoro

Mtaani walimwita Karani, ingawa ukarani wenyewe alishaustaafu. Kwa miaka thelathini na moja aliandika mashauri mahakamani kwa mwandiko uliolalia kulia, na muda wote huo hakuongeza neno ambalo shahidi hakulisema wala hakupunguza alilolisema. Hakimu mmoja alizoea kumtania kwamba shahidi akikohoa, Karani anaandika, "Akakohoa."

Mkewe alipofariki, nyumba ilimpwaya. Vyumba vitatu, mtu mmoja. Asubuhi alichemsha maji ya chai, akasikiliza redio mpaka taarifa ya habari iishe, kisha akakaa barazani akiangalia watu wanavyokwenda kazini. Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa ameolewa mbali. Alipiga simu kila Jumapili, na simu yenyewe ilikuwa ya mtu aliyebandika sufuria jikoni: "Baba umekula? Dawa umekunywa? Haya, nitakupigia."

Ni huyo binti aliyemtafutia kazi. Pensheni ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi, na paa la chumba cha nyuma lilikuwa linavuja. Akamwambia kuna kampuni inatafuta watu wa kwenda madukani wakijifanya wateja, ili wenye maduka wajue wafanyakazi wao wanahudumiaje watu.

"Wanaitwa wateja wa siri," alisema. "Unaingia, unauliza bei, pengine unanunua kitu kidogo, unatoka, unajaza fomu kwenye simu. Basi."

"Yaani upelelezi."

"Si upelelezi, baba. Ni tathmini. Halafu angalau utakuwa unatoka nje."

Karani akajua kwamba hilo la mwisho ndilo lililompigisha simu. Kazi mbi si mchezo mwema, akajisemea, akakubali.

Mwanzoni aliipenda. Alivaa shati lililopigwa pasi, akafunga tai, akaenda kwenye duka la dawa, duka la viatu, benki, mahali pa kuoshea magari ingawa hakuwa na gari na ilibidi aulizie kwa niaba ya shemeji ambaye hakuwa naye pia. Fomu zilimfaa. Je, ulisalimiwa ndani ya sekunde thelathini? Je, mhudumu alikutazama machoni? Je, alikukaribisha tena ulipoaga? Alijibu kila swali kama aliyekula kiapo.

Baada ya miezi kadhaa akagundua jambo. Siku za kazi alisalimiwa mara nne au tano. Siku zisizo na kazi, hapana. Lakini zile salamu nazo hazikuwa zake. Mtu akimwambia, "Karibu mzee," yeye alikuwa ndani ya kichwa chake anahesabu: kumi na moja, kumi na mbili. Salamu iliyohesabiwa haimwingii mtu.

Tena sharti la kampuni lilikuwa moja kubwa: asimwambie yeyote. Jirani yake, fundi cherehani aliyeshona kwenye kibaraza chake chembamba, alimwona akipita na tai yake akamuuliza anakwenda wapi.

"Nanyoosha miguu tu," alijibu Karani.

"Miguu gani hiyo inanyooshwa kwa tai?"

Fundi alicheka, na Karani naye akacheka, akashika njia. Mara ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ikavuma mtaani kwamba Karani amepata mchumba. Baadaye hata uvumi ukachoka, na fundi akaacha kuuliza. Alipopita, fundi aliinua mkono bila kuinua kichwa.

"Lakini inalipa?" binti aliuliza Jumapili moja.

Karani alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa hakuzoea kutoa ushahidi wa kubahatisha. Malipo ya kila safari yalikuwa madogo. Nauli ilikuwa juu yake. Vitu alivyotakiwa kununua vilirudishiwa fedha baada ya siku arobaini, risiti ikiwa haijafutika. Na fomu moja ilimla saa mbili ambazo hakuna aliyezilipa.

"Inanipa chumvi," alisema. "Mboga natafuta mwenyewe."

"Basi iache, baba."

"Nikiiacha nitafanya nini?"

Upande wa binti sufuria ilianza kuchemka, akaaga.

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe kutoka kwa msimamizi, mtu ambaye Karani hakuwahi kumwona wala kumsikia sauti. Kazi ilikuwa kwenye duka kubwa la samani. Maelezo yalisema: Wewe ni mume. Unatafuta kitanda cha futi sita kwa sita, chako na mkeo. Onyesha nia ya kununua. Angalia kama muuzaji atakueleza malipo ya awamu, kama atakuuzia na mito, na kama atajitahidi kufunga biashara siku hiyohiyo.

Malipo yalikuwa mara mbili ya kawaida. Aliusoma ujumbe ule mara tatu. Angeweza kukataa, alama ya kukataa ilikuwa palepale, nyekundu. Akabonyeza ya kijani.

Duka lilikuwa tulivu siku ile, limejaa harufu ya mbao mpya na gundi. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vilivyokanyagwa nyuma kwa kusimama kutwa. Alimsalimu katika sekunde ya tisa.

"Shikamoo baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Natafuta kitanda. Futi sita kwa sita. Mimi na mama."

"Mama hakuja naye achague?"

Karani akasita. "Amebaki nyumbani. Miguu inamsumbua."

"Pole yake. Anapenda godoro gumu au laini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Walimuuliza mkewe aliugua nini, alilazwa siku ngapi, mazishi yalikuwa lini. Hakuna aliyetaka kujua alikuwa anapendaje kulala.

"Gumu," alisema. "Anasema laini linammeza. Halafu yeye hulala kushoto, karibu na mlango, kwa sababu huamka usiku kuangalia kama milango imefungwa. Nimekwishaifunga mimi, lakini haniamini."

Muuzaji akacheka kidogo. "Wako wengi hao."

"Na mto wake hautaki foronya ya nailoni. Anasema inampigia kelele masikioni."

Alizungumza. Hakujua alizungumza muda gani. Alisema mkewe anavyokunja miguu, anavyovuta shuka lote halafu asubuhi anadai yeye ndiye aliyenyang'anywa. Kila tendo alilisema kana kwamba lilifanyika jana, na hakuna lililokuwa la uongo ila wakati wake.

"Hebu jaribu hili," muuzaji alisema, akimwonyesha kitanda chenye chaga nene. "Vua viatu, ulale kama unavyolala kwako."

Karani akavua viatu, akapanda, akalala chali. Godoro lilikuwa gumu, zuri. Akafumba macho. Alipoyafumbua, muuzaji alikuwa amekaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, mikono mapajani, anamtazama.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mama alifariki lini?"

Karani akajitazama. Kitanda kizima kile, yeye alikuwa amelala kwenye ukingo wa kulia kabisa, mkono ameubana ubavuni. Upande wa kushoto ungetosha mtu na nusu.

"Mwaka wa pili sasa," alisema.

"Mume wangu, mwaka wa sita. Mimi mpaka leo nalala ukingoni. Siku moja nilianguka."

Hawakucheka. Wateja wawili waliingia, wakatazamatazama, wakatoka, na muuzaji hakuinuka.

"Usinunue hiki," alisema mwishowe. "Ni kizuri na nitapata kamisheni nzuri, lakini utakuwa umejinunulia uwanja. Nenda nyumbani, fikiri. Ukitaka kidogo cha mtu mmoja, rudi nitakutafutia."

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Hakumkaribisha tena kwa maneno yaliyoandikwa kwenye mwongozo. Alimshika mkono tu, akarudi ndani.

Jioni ile Karani alikaa mezani na simu. Je, muuzaji alieleza malipo ya awamu? Hapana. Je, alitaja mito? Hapana. Je, alijitahidi kufunga biashara? Hapana. Je, aliwahudumia wateja wengine walioingia? Hapana. Kidole chake kilisimama kwenye kila swali. Angeweza kubonyeza "Ndiyo" mara nne na dunia isingetikisika. Lakini mkono ule haukujua kuandika neno ambalo halikusemwa. Akajaza yaliyotokea. Palipoandikwa "Maoni mengine" aliandika aya ndefu: kwamba huyu ndiye muuzaji bora aliyewahi kukutana naye, na kwamba yeye mwenyewe, endapo angekuwa na duka, angemkabidhi funguo. Mashine ikamjibu kwamba maneno yamezidi. Akayapunguza mpaka yakabaki: "Muuzaji ana utu."

Matokeo yakajitokeza palepale chini: arobaini na nne kwa mia. Akatuma.

Usingizi ulimkataa siku kadhaa. Wiki ya tatu akashindwa, akaenda. Mwanamume mwenye tai alimsalimu kabla hajavuka kizingiti, na hajavuta pumzi akawa ameshaelezwa malipo ya awamu.

"Yule dada aliyekuwa hapa yuko wapi?"

"Amehamishiwa ghalani, mzee. Alama zilimwangusha. Sasa kitanda ulikuwa unataka cha namna gani?"

Ghala lilikuwa nyuma ya duka, mlango wa bati. Alimkuta amesimama kati ya magodoro yaliyofungwa nailoni, ana karatasi mkononi na vumbi kwenye nyusi. Alipomwona akatabasamu.

"Umerudi, baba. Huku siuzi, lakini nitamwambia mwenzangu akuangalizie kile kidogo."

"Sikuja kununua," Karani alisema. "Hata siku ile sikuja kununua. Nilitumwa. Mimi ndiye niliyejaza ile fomu."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Akaiweka karatasi juu ya godoro, akainyoosha kwa kiganja.

"Kwa hiyo mama naye alikuwa wa kwenye fomu?"

"Hapana. Mama alikuwa wa kweli. Yote niliyokwambia juu ya kulala kwake ni ya kweli."

"Na ulinipa ngapi?"

"Arobaini na nne."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei.

"Nilikaa na wewe karibu saa nzima," alisema. "Kumbe ulikuwa unahesabu."

"Siku ile sikuhesabu. Nilihesabu ulipokuwa unanisalimu tu. Baadaye nilisahau."

"Lakini hukusahau kuandika."

Karani alisimama kama walivyosimama mbele yake watu wengi kwa miaka mingi, na kwa mara ya kwanza akajua kwa nini walikuwa wanaangalia sakafu.

"Nenda, baba," alisema mwanamke. "Nina mzigo wa kuhesabu kabla gari halijaja."

Alirudi nyumbani, akatoa karatasi na kalamu, akamwandikia mwenye duka barua ya kurasa mbili kwa mwandiko wake uliolalia kulia. Alieleza yeye ni nani, alitumwa na nani, na muuzaji alimtendea nini tangu sekunde ya tisa hadi mlangoni. Alieleza kwamba maswali yale yanaweza kumpima mwenye maneno lakini hayana mahali pa kumpima mwenye huruma, na kwamba mteja aliyezuiwa kununua kisichomfaa atarudi, na atarudi na wenzake. Akaweka sahihi, akaandika na namba ya simu.

Kampuni ndiyo iliyotangulia kujibu. Ujumbe ulisema amevunja sharti la usiri, akaunti yake imefungwa, na malipo ya kazi mbili zilizosalia yamezuiwa. Karani aliusoma mara moja tu. Siku iliyofuata hakuvaa tai. Alikaa barazani, watu wakaenda kazini, watu wakarudi.

Ilipita karibu miezi miwili ndipo simu ikalia, si Jumapili.

"Ni mimi wa vitanda," sauti ilisema. "Wamenirudisha dukani. Nusu siku, lakini nimerudi. Waliniita wakanisomea barua yako."

"Nashukuru Mungu."

"Sikupiga kukushukuru. Nimepiga ili ujue."

"Nimejua."

Nyuma ya sauti yake Karani alisikia mtu akiburuta kitu kizito sakafuni.

"Unalala lakini?" mwanamke aliuliza.

Karani alilifikiria swali lile, akalipa haki yake.

"Siku nyingine," alisema.

"Haya," alisema yule mwanamke, na simu ikakatika.

Alikaa na simu mkononi, akafungua mahali pa kuhifadhi namba. Jina la mwanamke lilikuwa kwenye beji yake na alilijua vizuri. Ndilo aliloliandika juu ya ile fomu. Hakuona kama ana haki nalo. Akaandika "Muuzaji wa vitanda", akahifadhi, akaingia ndani kuchemsha maji.