Shahidi wa Pili

Msinione nasema sana sasa. Ulimi huu nimeupata baada ya kuolewa, na wallahi umekuja umechelewa.

Mimi na Talib, mwalimu wa skuli hapa Wawi, tulikuwa tukitengeneza katuni. Nachora mimi, yeye anazipiga picha kwa simu na kuziunganisha mpaka watu wangu wanatembea. Michoro kumi na miwili kwa sekunde moja! Miezi saba tumekaa barazani kwa shangazi yangu, Bi Mwanawema, yeye akichambua karafuu na kutuchungulia juu ya miwani. Hadithi yenyewe ya kijana na msichana wanaopendana, na hakuna anayethubutu kusema. Ati tumeitunga. Tulitunga nini pale?

Mwisho wake ukatushinda.

"Sasa huyu binti anasema nini?" Talib akaniuliza, macho kwenye simu.

"Aanze mwanamme."

"Na akikataliwa?"

Ningemwambia hakataliwi, yangekwisha palepale. Nikamjibu, "Sijui, mimi kazi yangu kuchora tu." Mjinga mimi! Naye akafunga mkoba wake, akaaga: "Haya Bi Khairat, mpaka Jumamosi." Bi Khairat! Utadhani namzidi miaka thelathini.

Kabla ya hiyo Jumamosi ikaja posa ya Jabir, mfanyabiashara wa Wesha. Si mtu mbaya, na hapo ndipo niliponaswa, maana sikuwa na sababu ya kumkataa mbele ya baba. Niseme nampenda mtu asiyenitamkia hata neno? Nikamngoja Talib naye alete posa. Habari alizipata, Wawi nzima ilizipata. Wiki tatu nilingoja, hakuja hata barazani.

Siku ya ndoa baba akaingia chumbani kuniuliza, pamoja na mashahidi wawili, kama ilivyo ada. Wa kwanza ami yangu Abrahman. Wa pili alimchukua msikitini, kijana mwenye heshima zake. Nikainua macho, nikamwona ni Talib.

"Khairat, unaridhia nikuoze kwa Jabir?"

Nikanyamaza. Kwetu msichana akinyamaza amekubali, hilo nalijua tangu chuo cha Kurani. Lakini mimi nilinyamaza kumngoja yeye. Nilimkazia macho, moyoni nasema: sema, Talib, kohoa basi, fanya lolote! Baba akauliza mara ya pili, na ya tatu. Talib akatazama mkeka.

Kusema sitaki kulikuwa juu yangu mimi. Najua. Msinikumbushe.

"Kanyamaza," baba akasema. "Mmeshuhudia?"

Ami Abrahman akaitikia.

Ikawa zamu ya Talib. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akinisemea la moyoni mwangu waziwazi, mbele za watu.

"Nimeshuhudia," akasema. "Karidhia."