Kichwa cha Saluni, Kilomita Tatu Chini

Mimi nimedanganya watu wengi maishani, sikatai. Lakini habari ya kichwa ni kweli, na ushahidi upo pale saluni kwa mama mkwe, kwenye rafu ya mawigi. Ukienda kakitazame, ila usikishike. Mwenyewe mkali.

Miaka hiyo nilikuwa rubani wa roboti ya baharini. Sikusomea. Niliingia kwenye meli ya utafiti kama fundi redio, rubani akaumwa mgongo, nikaambiwa, "Wewe mwenye vidole vyepesi, hebu kaa hapa." Nikakaa miaka ishirini na sita. Roboti yenyewe ilikuwa na ukubwa wa gari dogo, ina taa, kamera na mkono wa chuma, inashushwa kwa waya mrefu hadi sakafu ya bahari. Sisi tulikaa juu melini, ndani ya kontena lenye feni, tukiiendesha huku macho yakiwa kwenye skrini. Tuliipa jina la Shangazi, kwa sababu iliingia kila mahali bila hodi na kurudi na habari.

Basi, mchumba wangu alikuwa na mama mwenye saluni, na mama huyo alichuja maneno kama watu wanavyochuja chai. Siku ya kwanza kupelekwa kwake nikajieleza, na chumvi nikaongeza: nafanya kazi kilomita tatu chini ya bahari, samaki wa huko wananijua kwa jina, na kuna pweza mmoja kila akiniona ananipungia mikono yote minane.

"Kilomita tatu chini ya maji," alisema, kitana mkononi.

"Ndiyo, Mama."

"Na shati kavu hivyo?"

Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio alicheka mpaka rola zikamdondoka.

"Sikiliza, kijana. Marehemu mume wangu alinipata kwa nyumba ya ghorofa ambayo hadi leo sijaiona. Mwanangu hatoki hapa kwa njia hiyo. Niletee kitu kutoka huko chini, nikione kwa macho yangu. Ukikosa, mlango ule pale, uusahau."

"Nikuletee jiwe?"

"Mawe yamejaa hapo nje."

Ndipo macho yangu yalipotua kwenye rafu. Vichwa sita vya kuvalishia mawigi, vyeupe, vyepesi, vya povu lile gumu linalozuia televisheni mpya isivunjike ndani ya boksi. Melini tulikuwa na mchezo wetu: tunafunga vikombe vya povu hilo kwenye roboti, maji ya chini yanavibana mpaka hewa yote inaisha, vinarudi vidogo kama vya kuchezea watoto.

"Mama, niazime kichwa kimoja. Nitakirudisha kikiwa kama chungwa."

"Ili ukaninunulie cha mwanasesere dukani?" Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye paji la uso la kichwa kile, kwa herufi zake zinazolalia kushoto: MUONGO. Akakichorea na nyusi, moja juu moja chini, kama zake anapokutazama. "Haya, nenda. Vyote sita vina adabu kuliko wewe."

Siku ya kushusha roboti kwa mara ya mwisho katika safari ile, nikakitia kichwa kwenye wavu pamoja na kipande cha chuma ili kichwa kisije kikaelea, nikakifunga nyuma ya Shangazi. Mtafiti mkuu sikumwambia. Alikuwa mama mfupi asiyependa utani kabla ya kula.

Alikuwa anamtaka jongoo bahari mmoja wa zambarau. Tukampata, tukamtia kwenye sanduku la Shangazi. Nikageuza roboti turudi, na taa zikamulika uso.

Wavu ulikuwa umekatika. Kichwa kimelala juu ya tope, kidogo, cheupe, nyusi moja juu, kinatutazama.

"Mtu!" akapiga kelele fundi wa winchi, biskuti ikamtoka mdomoni.

Mtafiti mkuu akasogea mpaka pua ikagusa skrini. "Kimeandikwa nini hapo?"

"Muongo, Daktari."

"Nani huyo?"

"Mimi."

Nikaeleza yote. Juu mawimbi yalikuwa yanapanda, na nahodha alishapiga simu mara mbili Shangazi atolewe majini.

"Daktari, nikikiacha hicho, nimeacha mke."

Akatazama saa. "Dakika kumi. Takataka hatuachi chini. Na huyo mama ningempata ningemwajiri."

Mkono wa Shangazi ulizoea mawe. Nilikigusa tu, kikabingirika, tope likatimka, skrini nzima ikawa uji. Na tope la huko halina haraka. Tukasubiri. Dakika tatu. Nne. Tano na ushee. Simu ya nahodha inalia, hakuna anayeipokea. Mwishowe zikatokea nyusi. Safari hii kichwa sikukigusa. Nilipenyeza vidole vya chuma kwenye mabaki ya wavu, nikanyanyua polepole kama unavyomwondoa mtoto aliyesinzia kifuani, nikakilaza sandukuni, ubavuni mwa jongoo.

Saluni niliingia na shati lile lile kavu. Mama akavaa miwani, akakiweka kichwa kiganjani. Kilikaa chote. Kikaushio kikazimwa. Akasoma herufi zake zinazolalia kushoto, sasa ndogo kama maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

"Huu mwandiko wangu," akasema. "Umeubana na nini?"

"Bahari, Mama."

Akakinusa. "Na yule pweza wa mikono minane?"

Nikamtazama mchumba wangu. Akanikonyeza.

"Minne tu, Mama. Mingine nilizidisha."

Akacheka, akapangusa miwani, akacheka tena. "Mwanangu, mletee mwenzio kiti. Muongo wa saizi hii tutamweza."

Leo ana miaka themanini na tatu. Kichwa alikishonea kiwigi chake, na habari yake anaieleza mwenyewe. Zamani alisema mimi ndiye niliyekishusha. Baadaye tukawa tumekishusha wote wawili. Juzi nimemkuta akimwambia bibi harusi mmoja aliyekuja kutengenezwa nywele kwamba alizama nacho kilomita tatu, rola kichwani, akarudi bila unywele mmoja kulowa.

Bibi harusi akanigeukia. "Babu, ni kweli?"

Mama akaniinulia unyusi mmoja.

"Kweli tupu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika waya."