Mtaa Uliotaka Taa Zizimwe

Halmashauri ya jiji ilipotangaza kwamba safari hii itawauliza wapiga kura wenyewe wanataka nini, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu lini? Lakini ilikuwa kweli. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, madiwani hawalali, na wakusanya maoni wakaajiriwa kupita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: kati ya maji, barabara, taka na taa, halmashauri ishughulikie lipi kwanza?

Mmoja wao alikuwa mwanamke ambaye wenzake walimwita Mdadisi. Kazi aliijua na kanuni zake alizishika sawasawa. Usimtilie mtu maneno mdomoni. Analosema yeye ndilo uandike. Na usimhoji ndugu yako, kwa sababu ndugu atakupendelea. Hiyo ya mwisho iliwahi kumfukuzisha mwenzake mmoja aliyemhoji mama mkwe wake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuichezea.

Basi akapangiwa mtaa wa shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Mume wa shangazi alikuwa ameshazikwa, na tusidanganyane, hakuna aliyemlilia kwa dhati. Mtu yule alikuwa na mkono mwepesi. Chai ikipoa, kofi. Ikiwa ya moto mno, kofi. Ungetegemea mjane apumue akishaondokewa na balaa kama lile, lakini wapi. Baada ya mazishi shangazi alizidi kukonda, akawa mtu wa kushtukashtuka, hata ukimwita kwa upole anaruka. Ni mwaka huu tu ndipo alipoanza kunawiri. Mashavu yalijaa, usingizi ukarudi, akawa anaimba akifua nguo. Mdadisi alikuwa akimtazama na kuomba kimoyomoyo Mungu amwache shangazi yake hivyo hivyo. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani.

Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi, nyumba zimebanana pande mbili, na mwisho wake ni ukuta wa makaburi ya zamani. Mapema mwaka huo halmashauri ilikuwa imeusimikia taa za barabarani, nguzo kwa nguzo mpaka kwenye ukuta ule. Mitaa mingine iliuonea gere.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, mzee mjane mwenye maneno mengi na sindano mdomoni. Mdadisi alimsomea swali.

"Taa," fundi alisema.

"Taa zifanyweje, mzee wangu?"

"Zizimwe."

Mdadisi alidhani mzee anamfanyia mzaha. Lakini nyumba iliyofuata, ya mwalimu mstaafu, jibu lilikuwa lile lile: zizimwe. Kwa mchomeleaji wa mageti, zizimwe. Kwa muuza mkaa, ambaye hakuwa akisalimiana na mchomeleaji kwa ugomvi wa mfereji wa maji machafu, zizimwe. Watu wasioelewana hata juu ya takataka ya nani imemwagwa mlangoni kwa nani, leo wana kauli moja! Akiuliza sababu, wanatazama pembeni.

"Mwanangu, wewe andika tu," mke wa mwalimu alimwambia, huku akifunga dirisha ilhali jua bado liko juu.

Alipofika kwa shangazi alimkuta amekaa kibarazani, kitambaa safi kichwani, kiti cha mgeni kimeshawekwa.

"Leo na mimi nitasema," shangazi alisema.

"Shangazi yangu, wewe siruhusiwi kukuhoji. Wewe ni ndugu."

"Kura ninayo kama wao."

"Najua. Nikikuhoji nafukuzwa kazi."

"Lakini habari ya hizi taa mimi ndiye ninayeijua, mwanangu. Hawa wenzangu wanaogopa tu."

"Utanihadithia siku nikija kutembea. Leo niko kazini."

Shangazi alifumba mdomo. Alikuwa na mazoea ya kunyamazishwa, maskini, na aliyekuwa anamnyamazisha leo ni mtoto aliyemlea mwenyewe. Mdadisi alimbusu kichwani akaenda nyumba ya jirani.

Kazi ilimchelewesha. Alikuwa anapita tena kwa fundi cherehani kuelekea nyumbani, kigiza kimeanza kuingia, taa zikawaka. Fundi alimshika mkono akamvutia ndani ya kizingiti. "Simama hapa. Usiite mtu."

Walitokea mwanzo wa mtaa. Walikuwa watu, mmoja mmoja, wanatembea katikati ya njia bila kishindo, kutoka mwanga wa nguzo moja hadi nyingine, nyuso zao zimeelekea kwenye ukuta wa makaburi. Suti za zamani. Magauni ya kuzikiwa. Halafu Mdadisi akamwona mume wa shangazi, kifua mbele, vile vile alivyokuwa. Alipofika mbele ya nyumba yake mwenyewe alipunguza mwendo, akageuza shingo, akautazama mlango. Kisha mwanga wa nguzo iliyofuata ukamvuta, akaendelea na wenzake mpaka ukutani, na hapo hakuonekana tena.

"Yule mwenye kilemba ni mke wangu," fundi alisema. "Kila jioni, tangu zije taa. Ananipita kama hanijui. Nani ataliweza hilo?"

Mdadisi aligeukia nyumba ya shangazi. Alikuwa anamfikiria shangazi yake, peke yake nyuma ya dirisha, anatazamwa na jitu lile kila siku ya Mungu. Hasira zilimpanda kuliko hofu. Kesho yake, ofisini, msimamizi wake alipoguna kwamba mtaa mzima hauwezi kuomba giza, aliwatetea kwa moyo wake wote. Wamesema wenyewe, alimwambia, na kura ni zao. Madiwani nao walifurahi kupindukia. Hatimaye wananchi wameomba kitu kisicho na gharama! Haikupita wiki, taa zikakatwa, na diwani akapiga picha chini ya nguzo akitabasamu.

Mdadisi alikwenda kumtembelea shangazi mchana kweupe, amebeba matunda, moyo mkunjufu. Alimsalimia fundi cherehani, fundi hakuitikia. Alikuwa amempa mgongo, anazungumza kwa sauti ya chini na mtu aliyekuwa ndani, na anaomba radhi.

Shangazi alifungua mlango nusu. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Alikuwa amevaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi viganjani, na joto lote lile.

"Nilitaka kukwambia siku ile," alinong'ona. "Hawa wafu hawakuletwa na taa. Miaka yote walikuwa wanakuja. Gizani hawaioni njia ya kwendea kwao, basi wanaingia kwenye milango wanayoijua. Wenzangu walikuwa wanasikia mambo usiku wakasema panya. Zilipowaka taa ndipo wakaanza kupita moja kwa moja. Nikalala, mwanangu. Mwaka mzima nimelala."

"Twende kwangu. Sasa hivi."

"Nimeshajaribu. Nilifika kona ile. Nikamsikia yuko nyuma yangu. Unataka nimlete kwako, kwa watoto?"

Mdadisi alikimbia mpaka halmashauri akiwa analia njia nzima. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu. Uamuzi umetokana na maoni ya wakazi, alimweleza, na hauwezi kutenguliwa ila kwa maoni ya wakazi. Kama kuna mkazi ambaye hakuhojiwa, basi ahojiwe, na maoni yake yatapelekwa kwenye kikao. Na kwa kuwa hakuna mwingine anayekubali kwenda mtaa ule siku hizi, kwa mara hii anaruhusiwa kumhoji ndugu yake.

Alirudi jua likiwa bado halijazama. Shangazi alikuwa pale pale mlangoni. Mdadisi alimsomea swali kama lilivyo: kati ya maji, barabara, taka na taa, halmashauri ishughulikie lipi kwanza?

Shangazi alifungua mdomo. Sauti iliyojibu ilitoka chumba cha ndani, nzito, ya mtu aliyezoea kumsemea mkewe.

"Andika kwamba nyumba hii haina shida yoyote."

Mdadisi alimtazama shangazi yake, anamsihi kwa macho aseme neno moja tu, taa, basi. Shangazi aliteremsha mkono wa gauni ukafunika kidole gumba kilichovimba.

"Andika, mwanangu," alisema. "Andika alivyosema, halafu uende zako kabla hakujaingia giza."

Akaandika.