Kisiwa Chini ya Ufunguo wa Ramani

Babu yake mzaa baba alikuwa mpima mashamba, mtu aliyeaminiwa hata na majirani wasioamkiana: walimwachia jiwe la mpaka aliweke peke yake, wakaenda zao. Baba yake alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na wanafunzi wake wenye mvi walisimama kila alipopita. Mama yake alikuwa binti wa karani wa mahakama ambaye hakupata kupokea hata yai kutoka kwa mtu mwenye kesi. Kwa ukoo wa namna hiyo, haikuwa ajabu kwamba mchora ramani mkuu wa idara ya upimaji aliitwa Bwana Rula na ofisi nzima, ingawa aliyethubutu kumwita hivyo ana kwa ana alikuwa mmoja tu, mpika chai.

Mwaka huo nchi za kanda nzima zilikubaliana kwamba silaha za nyuklia hazitaundwa, hazitawekwa wala kujaribiwa katika ardhi na maji yao. Ramani ya mkataba ikaangukia mezani pake. Haikuwa pambo. Kifungu cha kwanza kilisema wazi kwamba eneo lililokatazwa silaha ni lile lililo ndani ya mstari wa ramani. Kilichobaki nje, mkataba haukukitambua.

Alichora kwa wiki sita. Siku ya kutia sahihi ilipowadia, ramani ilikuwa mezani tangu asubuhi, na sherehe ilipangwa saa nane mchana.

Mama Chai aliingia na sinia lake.

"Shikamoo, Bwana Rula."

"Marahaba. Chai ikae kule dirishani. Tone moja hapa, tutaaibika mbele ya mataifa."

"Miaka kumi na tisa nakuletea chai, nimemwaga lini? Mwenye mikono ya wino ni wewe."

Aliweka sinia, akarudi, akainamia ramani huku mikono ameifunga mgongoni.

"Mbona kwetu sikuoni?"

"Kwenu wapi?"

"Kile kisiwa cha mwisho kabisa, nilikozaliwa."

"Kipo. Kila kitu kipo."

"Basi nionyeshe, pengine macho yangu yamezeeka."

Bwana Rula alinyoosha kidole kuelekea pembe ya bahari, na kidole kikasimama. Mahali pale palikuwa na ufunguo, kile kisanduku cha kueleza alama za ramani. Kila mchoraji hutafuta mahali patupu pa kukiweka, na mahali patupu kwa kawaida ni baharini. Naye alifanya hivyohivyo, akakiweka juu ya kisiwa chenye watu mia nne. Tena, ili mstari wa mpaka usikate maandishi, alikuwa ameupindisha kabla ya kisanduku. Kisiwa kilikuwa nje.

"Nimekifunika," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Chai hakufoka. "Nilipokuwa mtoto ilikuja meli ya kijivu," alisema. "Walipiga vigingi mchangani, wakapima upepo. Mkubwa wao akamfunulia baba yangu ramani, akamwambia kuwa pale hapana watu, kwa hiyo panafaa kujaribia bomu. Baba akamwuliza, na mimi unayesema nami ni nani? Wakacheka, wakaondoka. Tangu siku hiyo mama yangu akiona moshi wa meli, chakula hakipiti."

Bwana Rula alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Mkurugenzi hakuliona kosa, wanasheria hawakuliona. Akinyamaza, huenda angezikwa na sifa zake. Alinyamaza kwa muda wa kuinua kikombe na kukirudisha, na baadaye maishani muda huo mfupi ulimtia haya kuliko kosa lenyewe. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kwa mkurugenzi na kueleza yote.

"Mzee wangu, ni watu mia nne," mkurugenzi alisema, jasho likimtoka. "Tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ipi? Ramani ikishatiwa sahihi, kuibadili kutadai sahihi za nchi zote upya. Nipe mpaka saa saba."

"Na ukichelewa?"

"Waambie mawaziri nimekosea mimi, na uwatajie jina langu. Kisha wasubiri."

Alirudi mezani, akakwangua wino kwa wembe, polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Mama Chai alishikilia pembe ya karatasi isitikisike. Kisiwa kikatokea, kidogo kama punje ya mchele, na mstari ukakizunguka kwa nje. Ufunguo akauhamishia chini kabisa, nje ya fremu.

"Kumbe kwetu padogo hivi?"

"Hiyo ni skeli. Kila kitu hupunguzwa kiingie karatasini."

"Basi skeli yako ina choyo."

Bwana Rula alicheka, jambo ambalo ofisi hiyo haikuwa imelizoea.

Saa saba kasorobo wino ulikuwa umekauka. Mkurugenzi alichomoa kalamu atie sahihi yake upya pale palipoandikwa "Imekaguliwa na", kwa kuwa ile ya kwanza, iliyokuwa ndani ya kisanduku cha ufunguo, ilikuwa imefutwa kwa wembe uleule. Bwana Rula aliivuta ramani upande wake.

"Uniwie radhi. Wewe ulitia sahihi bila kuangalia, nami nilichora bila kuangalia. Aliyeikagua ramani hii ni mmoja."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani, akarudisha kalamu mfukoni. Bwana Rula akampa Mama Chai kalamu yake.

"Mimi mpika chai niandike nini hapo?" aliuliza Mama Chai.

"Jina lako, kwa kirefu."

Akaandika, herufi moja baada ya nyingine. Alipomaliza, Bwana Rula alisimama wima na kuvua miwani. "Ahsante, dada yangu," alisema. "Umeniokoa na aibu, na umewaokoa watu wako na mimi."

Ramani ikatiwa sahihi siku hiyo, na kisiwa kimo ndani.

Nanyi vijana, tegeni masikio. Amani mnayoilalia ilichorwa na mikono ya watu, na mikono hukosea. Msiseme mahali ni patupu kabla ya kuuliza anakaa nani. Na mnayemdharau akiwaonyesha kosa lenu, simameni, mvue miwani, mumshukuru. Msinijibu neno. Tendeni.