Jiwe Moja la Kijani

Kila mtu kijijini alijua kuwa Penbuy hana kifua cha siri, na yeye mwenyewe alijua moyo wake ni vivyo hivyo. Hilo lilimnyima raha uzeeni. Siku ya kupimwa mioyo mbele ya Osiris, mungu wa wafu, moyo wake ungebwabwaja yote, mnyama mwenye kichwa cha mamba, mla mioyo ya wakosaji, aumeze, na Penbuy asimwone tena mkewe, Hunero.

Bahati nzuri alipata jiwe la kijani. Neferabu, mchongaji, akalichonga umbo la mbawakawa wa kuwekwa kifuani mwa maiti, tumboni mwa mdudu huyo pana maneno ya kuukataza moyo usimchongee mwenyewe. Ilibaki nafasi ya jina. Jiwe moja, wazee wawili.

"Niandike la nani?" Neferabu aliuliza.

"La mke wangu," Penbuy alisema, huku akijuta.

"Andika lake," Hunero alisema.

"Kwani mimi nina kosa gani?"

"Hirizi yangu ya Taweret."

Penbuy akanywea. Miaka thelathini nyuma aliiiba hirizi hiyo ya mama kiboko, mlinzi wa wazazi, akaibadili kwa mitungi miwili ya bia, kisha akamsingizia kunguru.

"Ulijua?"

"Mzee, kunguru gani anarudi nyumbani ananuka pombe? Kesho yake niliikomboa kwa kapu la vitunguu." Akavuta uzi shingoni, kiboko mdogo wa buluu akachungulia. "Nimezaa nayo wanne. Kila uliporudi kutoka kazini makaburini niliivua, usije ukaona haya."

Penbuy aliona aibu, lakini pia alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia.

"Basi moyo wangu hauna la kusema tena. Andika la Hunero."

"Na yule bata wa hekalu uliyemwiba?"

Neferabu alikohoa, akainamia patasi zake.

"Bata tulimla wote, mama," Penbuy alisema.

"Tulimla. Ila moyo wangu umenyamaza miaka thelathini, na wewe umo humo humo ndani. Mbele ya Osiris moyo huo utashindwa kunyamaza asubuhi moja tu? Wako hata kwa kinyozi haujizuii."

Penbuy akajifuta machozi. Hunero akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwa mchongaji kulisimamia jina la mumewe.

"Lichimbe sana lisifutike," alisema. "Nitamhitaji kule."