Mtamba wa Getini

Mchezo wa mtandaoni ungefungwa saa kumi kamili, dunia nzima, na Ngabo alikuwa ameondoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri ili awahi kompyuta Mbarara. Simu yake haikuuweza. Ulikuwa mchezo wa zamani, wa siku za Uvira, kule Kongo, walipokuwa wakibanana vijana watano mbele ya kioo kimoja cha saiba, wakiitana "nubu", mchezaji mbovu, na kugombania kipanya hadi mwenye chumba awatoe kwa fagio. Huko ndiko alikompa rafiki yake Gisa ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa kwenye kioo, lakini alimtoa kama wanavyotoa wazee, kwa ubeti wa kumsifu ng'ombe alioutunga mwenyewe, na Gisa akasimama kumpokea.

Kisha vita vikawatawanya. Neno la mwisho la Gisa lilikuwa: "Tukipotezana, tukutane getini." Geti la mji, ndani ya mchezo. Ngabo hakuwa na namba yake, wala hakumjua ndugu wa Gisa wa kumwuliza. Leo geti lenyewe lilikuwa linakufa.

"Ssebo," Mutesi, mwenye duka la intaneti, alimwita kwa "bwana" ya Uganda, "kuna mtu hapa anataka kuchapa barua ya kazi. Wewe unachunga ng'ombe tu."

"Atangoja, dada. Ng'ombe wangu wana heshima kuliko bosi wake."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ilikuwa kumi kasorobo.

Getini palikuwa pamechafuka. Watu walikuwa wakiuana ovyo, na aliyeuawa alitupwa nje ya mchezo, kwenye foleni ya kuingia tena isiyosogea. Maongezi ya maandishi yalikuwa yamezimwa tangu asubuhi kwa sababu ya matusi. Ndipo akatokea mtu mwenye mkuki, na juu ya kichwa chake jina: SimbaMlima. Jina la Gisa.

Moyo wa Ngabo uliruka, kisha ukasita. Miaka mitatu jina lile halikuonekana, na wezi wa majina walikuwa wengi: mtu huiba neno la siri la mwenzako, akavaa sura yake, akakuchoma unapomkaribia. Ngabo alikwisha kuuawa hivyo. Akachomoa upanga.

SimbaMlima akaja mbio, mkuki mbele. Kidole cha Ngabo kilikuwa juu ya kipanya. Akipiga, na kama ni Gisa, amemtupa rafiki yake nje moja kwa moja. Asipopiga, na kama ni mwizi, yeye ndiye atakayetupwa, na Gisa wa kweli akija hatamkuta mtu.

"Ssebo, muda unakwisha."

Yule mtu akasimama. Akaweka mkuki chini. Akarudi nyuma ya ukuta, akatoka na kamba mkononi, na kwenye kamba mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajini, baka lilelile la ng'ombe aliyempa Gisa kule Uvira.

Kwao, aliyepewa ng'ombe humrudishia mtoaji mtamba, ndama jike wa uzao wa ng'ombe yule. Mwizi asingejua hilo; angemuuza.

Ngabo hakupoteza muda kusalimu. Alikuwa na mbao za uzio. Akaanza kuzipanga chini zifanye tarakimu za simu yake, kuanzia mbili, tano, sita za Uganda. Mpita njia mmoja akaja na shoka akaivunja nne. Ngabo akaijenga upya huku akimlaani mtu yule na ukoo wake. Gisa akaokota mkuki, akasimama kulinda. Ikabaki tarakimu moja. Ubao wake wa kwanza ulipogusa ardhi, kioo kikawa cheusi.

Ngabo akapiga meza kwa ngumi.

"Sasa ninaweza kuchapa?" akauliza mwenye barua.

Jioni, Nakivale, alikaa mlangoni kwa mama yake, maharage yakipoa sahanini, simu mkononi imelowa jasho. Ikalia. Namba ngeni.

"Ngabo?" Sauti ilikuwa nzito, si ya kijana tena. "Ni weye kweli?"

"Ni miye."

"Ile namba ya mwisho, nilianzia sifuri. Batu sita bamekwisha kunitukana. Mama mumoja alifikiri niko namutongoza."

Ngabo akacheka.

"Mutamba ulimuona?"

"Nilimuona."

"Basi musifu. Ile siku ya Uvira ulisema sana. Niko nasikiliza."

Ngabo, ambaye tangu utoto hakukosa ubeti mbele ya mtu yeyote, akafungua mdomo, na ubeti haukuja.