Nguvu za Marcelina Zilipochelewa

Marcelina binti Eliakimu alikuwa mwanamke wa mikono. Pale Gungu, kwenye mashine ya kukamulia mawese, wanaume husaidiana wawili wawili kuuzungusha ule mtaimbo. Yeye aliuzungusha peke yake, tena huku akipiga soga. Kwa hiyo siku utumbo ulipomsokota akaanguka kando ya pipa la chikichi, watu walitaharuki. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha upasuaji hospitalini.

Daktari wa usingizi, Elikana, alimwinamia. "Dada, nitakulaza, kisha nitakupa dawa ya kulegeza misuli ili mpira wa hewa upite kooni. Hiyo haikai mwilini. Dakika chache tu, imekwisha."

"Haya," akasema Marcelina, na dari ikayeyuka.

Alipozinduka alidhani yuko ziwani. Mwanga ulikuwa wa kijani, umetulia, kama ule unaouona ukizama Tanganyika siku isiyo na upepo, mpaka mawe ya chini unayaona. Mbali, juu ya maji, vyuma viligongana na mtu akasema mshono umekwisha. Akataka kufumbua macho, kope zikakataa. Akataka kusema "niko macho". Ulimi ukalala palepale. Mikono yake, mikono ile, ilikuwa imelala ubavuni kama ya mtu mwingine. Kifua kilipanda na kushuka, lakini si yeye aliyekipandisha.

Ndipo akamwona kaka yake Feliksi. Alikuwa anatembea juu ya mchanga wa chini, kijana vilevile kama alivyokuwa mwaka aliokufa, na samaki wadogo wenye milia wanapita katikati ya vidole vyake. Akafungua kinywa kumwambia dada yake jambo. Hapakutoka sauti, wala povu.

Marcelina alilia ndani kwa ndani.

"Subirini!" Ilikuwa sauti ya Elikana. "Ana machozi huyu, na mapigo yamepanda. Anatusikia." Kiganja chenye joto kikatua kwenye paji la uso wake. "Dada Marcelina, hujafa na hufi. Dawa imekawia kukutoka. Mashine inakupumulia, na mimi siondoki hapa. Nakulaza tena mpaka nguvu zirudi zenyewe. Usizitafute."

Maji yakamfunika, safari hii ya uvuguvugu, mekundu kama mawese mapya. Akaelea humo asijue muda.

Nguvu zilirudi kwa kunyatia. Kwanza kidole gumba, kikatikisika. Kisha kope. Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Kongo, likiingilia dirishani, na Elikana alikuwa bado ameketi karibu na kichwa chake, shati limelowa jasho.

"Nibane mkono. Vizuri. Sasa inua kichwa, ukishikilie hapohapo. Usikiachie."

Kichwa kilikuwa kizito kama gunia, lakini kilikaa. Ndipo mpira ukatolewa kooni, na Marcelina akavuta pumzi yake mwenyewe, akakohoa, akacheka bila sauti.

Kesho yake Elikana alimweleza. "Miili yetu ina kitu kinachoivunjavunja ile dawa. Chako ni hafifu, umezaliwa hivyo. Haikudhuru maisha yako yote, ila ukikutana na dawa ile, hulegei kwa dakika. Unalegea kwa saa. Ukilazwa popote, sema mapema. Na ndugu zako wa tumbo moja waambie wapimwe. Kuna aliyewahi kupatwa?"

Marcelina akasema juu ya Feliksi: hospitali ya mbali, upasuaji mdogo, dawa ya usingizi, na kijana aliyeshindwa kuvuta pumzi.

"Siwezi kuapa kwa mtu nisiyemwona," Elikana alisema. "Lakini inafanana. Inafanana sana."

Nyumbani, Feliksi alipokufa, lilisemwa neno jingine. Ilisemwa kwamba Feliksi alifungwa viungo kwa uchawi, na aliyemfunga ni Angela, mke mdogo wa baba yake. Mzee Eliakimu alimtolea vyombo nje mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Tangu hapo Angela aliishi Kasingirima, akishona mikeka, akisalimiwa kwa mbali.

Marcelina alipopata nguvu za kukaa juu ya bodaboda, alimchukua baba yake wakaenda kwa Angela. Mzee alikuwa ameshaelezwa maneno ya daktari.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," Angela alijibu kutoka kwenye mkeka wake. Alimwangalia mumewe wa zamani kama mtu anayetazama mvua iliyokwisha kunyesha. "Mnataka nini?"

Marcelina akamsimulia yote: dawa, maji ya kijani, pumzi isiyo yake, na maneno ya daktari. Angela alisikiliza huku vidole vikisuka ukindu. Mara vikasimama.

"Kwa hiyo alikuwa anasikia," alinong'ona. "Mtoto yule alikuwa anasikia, na hakuna aliyemshika hata mkono."

Akalia. Alimlilia Feliksi, kwa kuwa enzi zile hakuruhusiwa kumlilia.

Mzee Eliakimu akakohoa. "Angela, nimekuja kukurudisha nyumbani."

"Gungu sirudi. Nimeshazoea hapa." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaenda mlangoni. "Mama Diana! Agnesi! Hebu njooni, na muwaite wengine!"

Majirani wakaja, wakajaa barazani. Angela akamwekea mzee kigoda katikati yao.

"Ulinitoa mbele ya watu," alisema taratibu. "Haya. Watu hawa hapa."

Mzee hakuketi. Alivua kofia yake, akaanza kusema.